Watoto Wanapokwenda Bujora

Karatasi ya shule yenye kichwa "Ziara ya Mafunzo" inapofika nyumbani, wazazi wengi huisoma kuanzia chini, pale palipoandikwa kiasi cha fedha. Hatuwalaumu. Kuna sare, kuna madaftari, kuna mkaa wa mwezi, halafu tena safari! Ndipo baba anapouliza: "Watapata nini huko ambacho hawakipati darasani?" Akina mama wenzetu, mwezi huu tunapenda kulijibu swali hilo, kwa kuwa kwetu sisi wa Mwanza ziara inayotajwa mara nyingi haiko mbali. Ni Bujora, pale Kisesa, mwendo mfupi tu kutoka mjini kwa barabara ya Musoma.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari wa shirika la White Fathers kutoka Kanada. Wasukuma wakampa jina la Fumbuka. Wakati ambapo wamisionari wengi waliona ngoma na vibuyu kuwa ni vitu vya kutupwa, yeye alivikusanya. Kanisa lenyewe la Bujora alilijenga la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na humo zimehifadhiwa ngoma za kitemi kutoka sehemu mbalimbali za Usukuma. Ipo nyumba ya mhunzi, ipo kaya ya Kisukuma kama ilivyokuwa, na lipo banda la vyama vya wachezaji wa ngoma. Watoto hupenda zaidi maonyesho ya hesabu: makundi ya rika mbalimbali yalikuwa na maneno yao wenyewe ya kuhesabia moja hadi kumi, ili rika lingine lisielewe. Mwanafunzi anayechukia hisabati darasani, hapo utamwona ametoa kalamu!

Kuhusu ngoma, watajifunza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana tangu karne ya 19, vilivyoanzishwa na Ngika na Gumha. Mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mashindano hayo huonekana hasa wakati wa Bulabo, sherehe inayokwenda pamoja na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, karibu na mwezi Juni. Shule ikiweza kupanga ziara yake wakati huo, vema.

Hapo ndipo linapokuja jambo linalowatia hofu baadhi ya wazazi Wakristo. Bujora ina pia sehemu ya dawa za jadi na uganga, na hata hao Bagika na Bagalu walisifika kwa dawa za kuvuta watu. Mama mmoja wa Igoma alitueleza wazi kwamba alimzuia mwanawe asiende, kwa sababu hakutaka "aingizwe katika mambo ya giza." Tunaiheshimu hofu yake, lakini hatukubaliani naye. Kukiona kibuyu cha mganga mahali pa maonyesho, mwalimu akiwa kando yako, siyo kukipigia magoti. Makumbusho hayo yameanzishwa na padre, tena kwenye uwanja wa kanisa.

Lakini tuna sababu nzito zaidi ya hiyo. Katika mikoa hii ya ziwa, bibi zetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia miaka 50, kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Watu wenye ulemavu wa ngozi nao wamewindwa na kukatwa viungo kwa ajili ya waganga wanaoahidi utajiri. Mtoto ambaye nyumbani haruhusiwi hata kulitaja neno "mganga" atalisikia tu mahali pengine, kijiweni au kwenye mialo, kutoka kwa mtu asiyemtakia mema. Ni afadhali alisikie mchana kweupe, aulize mzizi huu ulitibu nini, na akirudi nyumbani mzungumze juu ya tofauti kati ya mzizi unaotuliza tumbo na mtu anayemnyoshea kidole jirani yake. Mazungumzo hayo ni ya mzazi. Tusimwachie mwalimu peke yake.

Sasa tuje kwenye chakula, maana ziara nyingi huharibika hapo. Watoto hubebeshwa soda na biskuti, wakaenda kutazama maisha ya mababu huku wakila vya stendi. Kwa nini akina mama wachache wasiombwe kuandaa mlo wa siku hiyo? Ugali wa mtama, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga, michembe na matobolwa. Watoto wa mjini walio wengi hawajui tofauti ya hivi viwili: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa, na matobolwa huchemshwa kwanza. Kiazi kibichi hakikai, kwa hiyo mama wa Kisukuma alikikausha ili watoto wale wakati wa kiangazi. Hiyo ni sayansi, wala haikuandikwa ubaoni. Na mwalimu akiwa hodari atawaambia pia kwamba kiazi kitamu chenyewe asili yake ni Amerika. Hata sangara, ambaye watoto wetu wanadhani amekuwapo tangu kuumbwa kwa ziwa, aliletwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka baada yake. Mwambie mwanao amwulize bibi yake walikula samaki gani kabla ya hapo. Atashangaa orodha ilivyo ndefu.

Turudi kwenye fedha. Huko Japani safari za namna hii ni sehemu ya shule tangu miaka ya 1880. Wanafunzi huenda kwa makundi Kyoto na Nara kuona mahekalu ya kale na kula vyakula vya huko, na wengi hupelekwa Hiroshima, mji ulioangushiwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti 1945, ili wajue vita ni kitu gani. Wazazi wa huko nao hulalamikia gharama, ila shule nyingi hukusanya fedha kidogo kidogo kila mwezi, muda mrefu kabla ya safari. Hili kamati zetu za wazazi zingeweza kuliiga bila shida. Karatasi inayokuja Jumatatu ikidai fedha zote ifikapo Ijumaa inawafukuza watoto wa maskini kabla basi halijawashwa.

Fedha zikiwa za mtoto mmoja tu na watoto ni wawili, mara nyingi anayebaki nyumbani ni msichana. Huambiwa kuna maji ya kuchota, au kwamba safari hazimfai. Wakati huohuo kaka yake anakwenda kuonyeshwa kinu na jiwe la kusagia, kazi ambazo yeye hajawahi kuzigusa! Heri wapishane, huyu mwaka huu na yule mwakani.

Shule nyingine hupanga kuvuka maji kwenda Ukerewe, na wanafunzi wa sekondari wana sababu nzuri ya kwenda. Ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyeandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili baada ya zaidi ya miaka 30. Ila ziwa letu tunalijua. Mv Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na Mv Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na mamia walikufa katika kila ajali. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi ile karatasi, nenda shuleni ukaulize: ni chombo gani, kinaruhusiwa kubeba watu wangapi, kila mtoto atapata jaketi la kuokolea maisha, na ni mwalimu gani atakayewahesabu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Majibu yasipokuridhisha, omba safari iwe ya Bujora, ambako basi linafika.