Unguja na Unyanyembe: Kipimo cha Neema

Kuna namna ya kulinganisha nchi mbili tajiri ambayo imekuwa desturi ya wasomi wengi. Pato la kila nchi kwa mwaka huchukuliwa, likagawanywa kwa idadi ya watu wake, na nchi iliyopata fungu kubwa zaidi ikavikwa taji. Marekani huwekwa kando ya Norwei, Ujerumani kando ya Uingereza, na shauri hudhaniwa limekwisha. Simon Kuznets, mmoja wa wale waliowafundisha Wamarekani kulihesabu pato la taifa lao, alilionya Bunge la nchi ile mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hauwezi kukisiwa kwa kipimo hicho. Kipimo kilishikwa, onyo likaachwa.

Lau ingekuwa desturi hiyo imebaki kwa wachumi, ingestahimilika. Lakini imevuka mpaka ikaingia katika historia, na humo imezaa usemi unaorudiwa darasani kana kwamba ni hesabu iliyohakikishwa: ati katika karne ya 19 Unguja ilikuwa nchi ya neema, na Unyanyembe kituo tu cha njiani, mahali pa kupumzisha wapagazi. Ushahidi unaotolewa ni forodha. Unguja ilikuwa na forodha yenye daftari. Unyanyembe haikuwa na daftari. Basi asiyeandikiwa hesabu ahesabiwa maskini! Hoja ya namna hii haifai kuachwa ipite.

Kwanza ni lazima ikubaliwe kuwa nchi zote mbili zilikuwa tajiri. Unguja ilitajirika tangu Seyyid Said alipoihamishia makao yake kutoka Maskati. Alifanya mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844, akaeneza mikarafuu, akakodisha forodha kwa jumba la Jairam Shivji, ambalo lilimlipa kodi maalumu na kuchuma lililozidi. Unyanyembe nayo ilikaa penye njia panda. Kutoka Bagamoyo njia ilipita Ugogo ikafika Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliiita Kazeh; hapo ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na ng'ambo ya ziwa, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapo mwezi wa Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari. Walikuta mpunga, ng'ombe, bustani za vitunguu, na nyumba za tembe zenye nafasi kuliko nyingi walizozizoea wafanyi biashara wa pwani. Stanley, aliyefika mwaka 1871, naye alisifu wingi wa vyakula na mazulia ya Kiajemi katika nyumba za matajiri. Kituo cha njiani hakisifiwi hivyo.

Swali basi si nani aliyekuwa na mali. Swali ni mali ile ilifanya nini katika maisha ya watu wa nchi, na hapo ndipo daftari la forodha linapokuwa bubu.

Chukua Unguja. Karafuu zilichumwa na watumwa. Katika miaka mitano kati ya 1862 na 1867, forodha ya Kilwa iliandika watumwa zaidi ya 75,000 waliopelekwa Unguja. Baadhi yao walivushwa hadi Arabuni, wengine wakabaki mashambani na mjini. Msomaji na aitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Katika daftari watumwa wale waliingia upande wa faida, kwa kuwa kila kichwa kilitozwa ushuru. Lakini sababu moja ya kuwanunua kila mwaka ilikuwa kwamba waliotangulia walikufa, wala hawakuacha watoto wa kutosha kushika mahali pao. Mkulima ambaye kila masika hana budi kununua ng'ombe wapya kwa kuwa wa zizini wamekufa hasifiwi na jirani zake kuwa mfugaji bora, hata akiwa na fedha za kuwanunua. Seuze nchi inayonunua watu? Mtaalamu anayegawanya pato la Unguja kwa idadi ya wakazi wake hana budi kuamua kama mtumwa ni mkazi au ni bidhaa. Akimhesabu kuwa mkazi, fungu la kila mtu lapungua na taji laanguka. Akimhesabu kuwa bidhaa, amekwisha kusema ni ustawi wa nani anaoupima.

Wala mji wenyewe haukuwa salama kwa walio huru. Kipindupindu cha mwaka 1858 na kile cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Livingstone, alipokaa Unguja mwaka 1866, aliuona uvundo wa pwani ya mji ukistahili kuugeuzia mji jina. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya kisiwa, na utajiri wa miaka arobaini ukalala chini kwa siku moja. Pemba, ambayo haikupigwa vivyo hivyo, ikawa ndiyo ghala. Haki yataka isemwe pia kwamba Seyyid Barghash, baada ya misiba hiyo, alileta maji safi mjini kwa mifereji kutoka chemchemi za shamba, watu wakateka bila malipo. Hilo lilikuwa ni ustawi hasa, na si la kubezwa. Ajabu ni kuwa katika hesabu ya pato maji yale yaonekana kuwa gharama, na pembe za ndovu ndizo zionekanazo kuwa neema.

Sasa itazamwe Unyanyembe. Utajiri wake ulikaa mabegani mwa watu, na watu hao kwa sehemu kubwa walikuwa huru. Mpagazi wa Kinyamwezi alijiajiri mwenyewe. Alipatana ujira wake kwa nguo au ushanga, akaukagua mzigo, akaukataa uliozidi kadiri, ambayo ilikuwa kama frasila mbili. Na posho ikipunguzwa, msafara mzima uliweza kuketi chini mpaka tajiri alainike. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko juu ya ukaidi huo. Wasomaji wavivu wameyasoma malalamiko hayo kuwa ni ushahidi wa tabia mbaya. Akiyasoma mtu kwa akili ataona kumbukumbu za watu waliojua thamani ya kazi yao na walioweza kuitetea. Hakuna mchumaji wa karafuu aliyeweza kuketi chini.

Tena mpagazi alikuwa na kwao. Wengi walikataa kuondoka wakati wa kupanda, na baada ya safari walirudi kwenye shamba, mke, watoto na mifugo. Burton aliandika kwamba upagazi ulihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume, hata watoto wa miaka sita au saba walijizoeza kubeba kipembe kidogo begani, na kijana asiyesafiri alifanyiwa mzaha kwamba anaatamia mayai. Kazi iliyo ngumu, ya jua na kiu na ndui njiani, ilikuwa fahari ya nchi. Hakika fahari haijazi tumbo, lakini pale panapolinganishwa hali za watu, mtu asiyeiona tofauti ya kazi inayotamaniwa na watoto na kazi inayofanywa chini ya msimamizi hajaanza kulinganisha.

Hata hivyo, wale waliokwenda upande wa pili, wakaipaka Unyanyembe rangi ya pepo, nao wamekosea. Wanaume walipokuwa safarini jembe lilibaki kwa wanawake, na kadiri biashara ilivyokua, Wanyamwezi wenye uwezo walinunua watumwa wa kulima, na watawala wao wakazidi kutajirika kwa pembe. Tembo walikwisha karibu, wawindaji wakalazimika kwenda mbali. Mmoja wao, Msiri, alikwenda kujijengea ufalme Katanga. Nchi iliyouza pembe ilikuwa ikila mtaji wake, na hilo pia halikuandikwa popote.

Kisha kuna jambo la ushuru, ambalo ni zito kuliko yote. Mtemi Mnywa Sere, aliyemrithi Fundikira, alitaka bidhaa za wafanyi biashara zilipiwe katika nchi yake. Hakutaka zaidi ya lile alilolifanya sultani kila siku katika forodha ya Unguja. Wafanyi biashara wa Kiarabu wa Tabora, ambao idadi yao wakati ule haikuzidi makumi machache, walikataa, wakapigana naye, wakamsimika Mkasiwa mahali pake karibu na mwaka 1860. Mnywa Sere alitangatanga porini kwa miaka akiisumbua njia, hata akakamatwa na kuuawa mwaka 1865. Na hapa ndipo ulipofunguka mlango wa vita vilivyofuata: Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliuingia mji wa Tabora na kuuchoma moto sehemu kubwa, alikuwa akidai kwa mkuki haki ile ile ambayo Mnywa Sere alinyimwa kwa maneno, yaani mwenye nchi apate fungu la kinachopita katika nchi yake. Wasomi wanaomwita mnyang'anyi hawajamwita hivyo mkodishaji wa forodha.

Kwa hiyo wale wanaoziweka Unguja na Unyanyembe mizanini kana kwamba ni vyungu viwili vilivyopikwa mafiga mbalimbali wanakosea katika mwanzo wa hesabu. Chungu kilikuwa kimoja. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya watumwa, karafuu na pembe, ameonyesha jinsi bei ya pembe ilivyopanda Unguja kwa muda mrefu wa karne ile, wakati nguo za merikani zilizolipiwa pembe hizo zikizidi kuwa rahisi. Tofauti iliyopanuka kati ya bei hizo mbili ilikuwa faida, na sehemu kubwa yake ilibaki mikononi mwa wakubwa wa biashara wa pwani na ng'ambo. Pembe iliyotoka Unyamwezi ilitozwa ushuru mzito pwani, ilhali bidhaa ya mgeni wa mikataba iliingia kwa asilimia 5. Daftari lililonona lilinoneshwa na nchi isiyo na daftari. Kumsifu wa kwanza kwa unono na kumdharau wa pili kwa wembamba ni kuhesabu shilingi moja mara mbili.

Ikiwa ni lazima hukumu itolewe, na itolewe juu ya mtu wa kawaida, si juu ya nchi. Katika miaka ya 1850, kabla ya vita vya ushuru, mtu asiye na cheo alikuwa na hali bora Unyanyembe kuliko Unguja: alikuwa na chakula chake, kwao kwake, na ulimi wa kukataa mzigo. Baada ya 1871, njia ilipofungwa na vijiji kuzungushiwa maboma, hukumu hiyo haiwezi kusimama. Ustawi wa Unyanyembe haukupungua kwa sababu pato lilipungua. Ulipungua kwa sababu mwenye nchi alipoteza uwezo wa kuutawala. Mtemi Isike aliujua ukweli huo. Wajerumani walipoivunja ngome yake mwezi wa Januari 1893, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani.

Na kosa la kipimo halikufa pamoja na misafara. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliichagua Urambo, nchi ile ile ya Mirambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, kuwa mashamba makubwa ya karanga. Hesabu zilikuwa nzuri sana juu ya karatasi. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Baadaye Urambo ikapewa tumbaku, na tumbaku ikaleta fedha. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni hizo hukatwa katika misitu ya miombo ambamo nyuki wa Tabora hutengeneza asali yao. Kilo ya tumbaku inapouzwa huandikwa kuwa pato. Mti uliochomwa ili ikauke hauandikwi, wala mzinga uliokosa tawi la kutundikwa.