Ukuta wa Chokaa Upewe Chokaa

Wenzetu mnaosoma jiolojia na uhandisi mtakubaliana nasi: kitu chenye matabaka huharibika kwanza pale matabaka mawili yanapokutana. Mwamba wa mchanga uliolalia udongo wa mfinyanzi huteleza maji yakipenya kati yao. Plaiwudi ni mbao nyembamba zilizogundishwa, nyuzi za kila moja zikikingama na za mwenzake. Gundi ikiachia, ubao umekwisha. Ukuta nao ni hivyohivyo.

Kuta za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, juu yake lipu ya chokaa, kisha chokaa ya kupaka. Matabaka yote yanapatana. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hupita na kukaukia nje. Ukuta ukicheza kidogo, chokaa hucheza nao.

Saruji haichezi, na unyevu huipita kwa shida. Ukiipiga juu ya ukuta huo, maji hunaswa nyuma yake, chumvi huganda humo na kulimega jiwe taratibu. Nje panang'aa, ndani panaliwa. Siku lipu inapobanduka, huondoka na jiwe.

Hapa Uingereza wameshayaona hayo. Nyumba nyingi za kale za chokaa zilipigwa saruji katika karne ya 20, na leo wataalamu wa majengo hayo wanashauri chokaa irudishwe. Kwa nini tulipie somo hilo mara ya pili?

Tutaambiwa kuwa saruji ipo kila duka na hukauka upesi, ilhali mafundi wa chokaa ni adimu. Ni kweli, chokaa inataka kupigwa kidogokidogo na kusubiriwa. Lakini fundi asiyeitwa kazini hawezi kumrithisha mwanawe ufundi.

Nyumba mpya za matofali ya saruji zipigwe saruji, hatuna ugomvi nazo. Tunasemea nyumba za wazee wetu, ambazo wengi wetu ndio tunaotuma fedha za kuzikarabati. Basi kabla ya kutuma, tuulize swali moja tu: lipu itakuwa ya nini? Jibu likiwa saruji, tuongeze kidogo atafutwe fundi wa chokaa.