Kabla ya kumwita mzito, kuna aliyempima macho na masikio?

Wadau, kila matokeo ya mitihani ya taifa yakitoka tunabishana weee kuhusu walimu, vitabu na madawati. Sawa, yote hayo ni muhimu. Lakini kuna swali moja huwa halifiki mezani: yule mtoto anayekaa nyuma ya darasa, anayeitwa mzito, mjeuri au mtoro, kuna mtu aliyewahi kuangalia kama anaona ubao? Kama anasikia anachosema mwalimu?

Tukitaja "mahitaji maalumu" wengi wetu tunamfikiria mtoto mwenye fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Hao wanaonekana, na shule zao zipo tangu zamani. Buigiri pale Dodoma ilianza 1950 kwa ajili ya wasioona, na shule ya viziwi Tabora ikaanza 1963. Sisemi kwamba wanapata vya kutosha, la hasha. Ila hakuna anayebisha kwamba wanahitaji msaada. Leo nawazungumzia wale ambao tatizo lao halipigi hodi: mwenye uoni hafifu, anayesikia nusu nusu, mwenye usonji usio mkali, na yule anayechanganya herufi kila siku wakati kichwa chake kinafanya kazi vizuri tu.

Kwenye makaratasi hatuko vibaya. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake. Elimu bila ada ikaanza 2016, na 2022 ikafika hadi kidato cha sita. Kuna pia Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi ulioandikwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Baraza la Mitihani nalo linatoa karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada.

Sasa angalieni vizuri. Haki zote hizi zina mlango mmoja tu: lazima mtoto awe amejulikana kwamba ana tatizo. Asiyejulikana hapewi maandishi makubwa, haongezewi hata dakika moja. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Chukua darasa la watoto 80, ambalo siku hizi si la ajabu, halafu jiulize mwalimu wa darasa anawajua wangapi.

Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili wanakazania KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni jambo zuri. Tunapima kama mtoto anajua kusoma, na akifika darasa la nne anapimwa tena kitaifa. Yaani tunampima mtoto anajua nini, lakini hatumpimi kama anaona na kusikia. Halafu akishindwa tunasema hana akili.

Na kushindwa kwenyewe kunaweza kumletea fimbo. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na zinamtaka mwalimu mkuu ndiye asimamie. Wote tunajua hali halisi ya madarasani ikoje. Aliyeitwa mara tatu asiitike huonekana ana dharau. Kumbe sikio limekuwa likitoa usaha tangu ana miaka mitatu, au homa ya uti wa mgongo ilimwachia kilema cha kusikia. Huyo anachapwa kwa sababu ya ugonjwa. Tusitafute jina lingine.

Nyumbani nako tusijifanye watakatifu. Mzazi yuko tayari kulipa tuisheni kila wiki kwa mtoto asiyeona ubao, lakini kumpeleka kupimwa macho hata mara moja, wapi! Wengine wanasema karogwa. Wengine wanamficha ndani majirani wasijue. Mtoto kiziwi anapelekwa shule ya bweni anajifunza lugha ya alama, likizo anarudi nyumbani ambako hakuna hata mtu mmoja anayeijua, si mama, si baba, si kaka zake. Mwezi mzima anaongea na nani?

Na kuchelewa kuna gharama. Muhimbili walianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kumsaidia kiziwi kusikia, lakini aliyezaliwa haisikii lugha kabisa hufaidika zaidi akipatikana angali mdogo. Akigundulika ana miaka kumi, sehemu kubwa ya nafasi hiyo imeshapita.

Kuna watakaosema, "Tukishawapima halafu iweje? Hela ya matibabu iko wapi?" Hoja ina uzito, lakini si kila msaada ni wa mamilioni. Wapo wanaohitaji miwani tu. Wapo wanaohitaji sikio litibiwe zahanati, au kukaa mbele karibu na ubao. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia, maandishi makubwa na kiti kisichopigwa na jua. Mwenye shida ya kushika maelekezo, mpe moja moja, na nyumbani mrudie hivyo hivyo. Hapo mzazi na mwalimu wakizungumza lugha moja, nusu ya safari imekwisha.

Wenzetu Kenya walianza vituo vya kupima mahitaji ya watoto mwaka 1984, kwa hiyo wazo hili si geni Afrika Mashariki. Pendekezo langu ni dogo. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza, pale mzazi anapokuja na cheti cha kuzaliwa, mtoto apimwe macho kwa ile chati ya herufi E kwa umbali wa mita 6, na asimame mtu nyuma yake amnong'oneze maneno ayarudie. Mwalimu akifundishwa anaweza kufanya hivyo, na mwenye mashaka anatumwa zahanati. Majibu yaandikwe kwenye karatasi inayomfuata mtoto hadi amalize shule ya msingi, ili mwalimu mpya asianze kubahatisha. Walimu waliosomea elimu maalumu, kama wanaotoka chuo cha Patandi kule Arusha, wapewe muda wa kuzungukia shule za kata nzima badala ya kufungiwa kwenye kitengo kimoja.

Mengine yatahitaji bajeti na wataalamu, nakubali. Lakini kwanza tuwajue watoto wetu. Huwezi kumsaidia usiyemwona.

Wadau, hasa walimu na wazazi mlio kwenye hali hii, shuleni kwenu mambo yakoje? Karibuni tujadili.