Basi Halipiti, na Sisi Bado Tunabishana

Kikao cha wanachama wa jumuiya yetu cha Jumapili iliyopita kilivunjika usiku bila uamuzi, na safari hii kilivunjikia kwenye suala la basi. Kamati ilileta ratiba ileile ya siku zote ya safari ya Hifadhi ya Taifa ya Zion: kuondoka Salt Lake City Ijumaa, kulala karibu na Bryce Canyon, Jumamosi asubuhi kushuka kwa barabara namba 89 hadi Mount Carmel, kupita handaki, kisha kuteremkia korongoni wakati jua limeshaingia na majani yanawaka. Ratiba nzuri sana. Ila tangu Juni mwaka huu wa 2026, basi letu halipiti humo.

Jarida hili lilichapa habari hiyo mapema, ukurasa wa pili, chini ya tangazo la harusi. Harusi mlihudhuria.

Basi tuanze upya, polepole. Handaki la Zion–Mount Carmel lilikamilika mwaka 1930. Lina urefu wa maili 1.1, na lilichimbwa kwa ajili ya magari madogo ya enzi hizo. Gari pana likiingia humo haliwezi kukaa upande wake. Linavuka mstari wa katikati. Ndiyo maana zamani tulilipa dola 15 na askari wa hifadhi wakasimamisha magari ya upande wa pili ili tupite peke yetu. Utaratibu huo umekwisha. Gari lisilopita sasa ni lile linalozidi urefu wa futi 35 na inchi 9, upana wa futi 7 na inchi 10, kimo cha futi 11 na inchi 4, au uzito wa pauni 50,000. Basi la kukodi la kawaida lina urefu wa futi 45 na upana wa futi 8 na nusu. Limeshindwa kwa urefu na limeshindwa kwa upana.

Kwa hiyo ile hoja ya kwamba “tukifika getini tutazungumza nao” tuiache. Aliyeitoa ni mzee wetu, tunamheshimu, na kweli amewahi kutufungulia milango mingi mjini hapa. Lakini huyu askari wa getini hana la kuzungumza, ana kipimo. Tukigeuzwa pale, dereva itabidi arudi hadi Kanab, aingie Arizona kupitia Fredonia, atokee Hurricane, ndipo aanze kupanda kwenda Springdale. Hiyo ni zaidi ya saa moja juu ya safari ya asubuhi, na Novemba jua halimsubiri mtu. Korongo lina kuta ndefu. Mchana ukisogea kidogo tu, chini kunakuwa kivuli.

Msimamo wa jarida hili ni huu: tuachane na Bryce mwaka huu, tuachane na basi, tuchukue vani za watu 15. Tushuke moja kwa moja kwa barabara kuu namba 15, tulale Cedar City au St. George, asubuhi tuingie kwa lango la Springdale na tutoke kwa lango hilohilo. Njia hiyo haina handaki. Na hapa Mweka Hazina anisikilize vizuri, maana kwenye kikao alikatizwa kila alipotaka kulieleza jambo hili: gari binafsi lenye nafasi ya watu 15 au pungufu linalipa dola 35 kwa gari zima, na risiti inadumu siku saba. Basi kubwa la kikundi linahesabiwa vichwa, dola 20 kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea. Vani moja ikijaa watu wazima, kila mmoja anachangia chini ya dola tatu. Anayetetea basi atuletee hesabu yake kwa maandishi.

Sasa jambo lililowatia watu hofu zaidi, na ambalo limenenepeshwa na uvumi kwenye kundi la WhatsApp. Ni kweli kwamba tangu Januari 1, 2026 kuna nyongeza ya dola 100 kwa kila mgeni wa miaka 16 na zaidi katika hifadhi 11, na Zion imo, Bryce imo, Grand Canyon imo. Lakini nyongeza hiyo inamhusu asiyeishi Marekani. Haimuulizi mtu uraia. Mama aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapokewa hapa kama mkimbizi, ana grini kadi na kitambulisho cha jimbo la Utah, ni mkazi kama jirani yake aliyezaliwa Provo. Kuna familia tatu au nne, zote za Kikongo na Kirundi, zilizojiondoa kwenye orodha kimyakimya kwa sababu mtu fulani aliandika usiku wa manane kwamba “wasio raia watalipishwa mia”. Aliyeandika hivyo afute, kisha awapigie simu aliowatisha.

Wanaoguswa kweli ni wale wenye wazazi waliokuja kutembea kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Kwa hao dola 100 ni pesa nyingi, na ni juu ya kiingilio. Kuna pasi ya mwaka ya dola 250 kwa wageni, ambayo inaleta maana kwa atakayezunguka hifadhi kadhaa. Kwa mgeni mmoja wa siku moja Zion haileti. Kamati iamue kama mfuko wa jumuiya utachangia wazee hao au la, na iamue kabla ya safari. Isitufikishe getini tuanze kuchangishana mbele ya foleni ya magari.

Wengine wamependekeza twende Jumatano Novemba 11, kwa kuwa wakazi siku hiyo hawalipi kiingilio. Ni wazo la mtu asiyefanya kazi ghalani. Wengi wetu siku hiyo hatupewi mapumziko. Jumamosi Novemba 7 inatosha, na ni wakati wake hasa. Miti ya aspeni ya juu kule Lava Point hugeuka mwishoni mwa Septemba, hiyo tumeshaikosa kwa kubishana. Miti ya mepo yenye majani mekundu kwenye mabonde ya pembeni huwaka Oktoba. Iliyobaki ni kotonwudi za kando ya Mto Virgin, ambazo huwa manjano tupu kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Ukiona manjano yale chini ya ukuta wa mawe mekundu, na anga la jangwani lisilo na wingu, utaelewa kwa nini akina mama wa jumuiya hii hawaachi kuuliza habari za safari.

Na miti ile ni mizee. Miaka ya 1930 mto ulijengewa kingo ili usihame, na kotonwudi changa huhitaji mafuriko yanayoacha mchanga mbichi ili ziote. Miti mizee inaanguka, miti michanga ni michache. Ahirisheni mkijua hilo.

Waliouliza kuhusu kutembea: barabara ya korongoni hufungwa kwa magari binafsi msimu wote wa mabasi ya hifadhi, hadi mwishoni mwa Novemba. Mabasi hayo ni bure. Wazee na wenye vigari vya watoto watapita Pa'rus, njia ya lami tambarare kando ya mto, au Riverside Walk, maili 2.2 kwenda na kurudi. Vijana wanaotaka kupanda Angels Landing wajue kwamba tangu 2022 kunahitajika kibali cha bahati nasibu, na ada ya maombi ya dola 6 hairudishwi. Waombe wenyewe, Katibu si mzazi wao. Watoto wasinywe maji ya mto wala kuzamisha vichwa, maana yamewahi kukutwa na sumu ya sianobakteria.

Orodha inafungwa Oktoba 10. Kubonyeza kidole gumba kwenye kundi si kujiandikisha. Mpeni Katibu jina, umri wa kila mtoto, aina ya kitambulisho cha kila mtu mzima, na kama una mgeni kutoka nyumbani, mtaje hapo hapo. Wenye leseni safi walio tayari kuendesha vani waandike pia. Hadi jana usiku tulikuwa na madereva wawili, na mmoja wao ni Mwenyekiti, ambaye haoni vizuri gizani.