Mkimbiaji Apunguze Siku za Barabarani

Afrika Mashariki imezoea kumchukua mkimbiaji kuwa kielelezo cha afya, na kwa kiasi fulani ni haki yake, kwa kuwa mbio za masafa huimarisha sana moyo na mapafu. Lakini moyo imara peke yake haumwinui mzee kitini. Hiyo ni kazi ya misuli, ambayo huanza kupungua mtu akishapita miaka 30 hivi, na upungufu huo ukizidi uzeeni huitwa sakopenia, yaani hali ya misuli kusinyaa na kupoteza nguvu. Nyuzi zinazoathirika zaidi ni zile za kasi, ambazo humwokoa mtu anapojikwaa, na mbio za taratibu, hata za kilomita nyingi, hazizishughulishi vya kutosha.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, unaojulikana zaidi kwa dakika zake 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, unataka pia siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli, agizo ambalo wakimbiaji wengi hulipita kama halikuandikwa.

Kukwea miamba huziba sehemu ya pengo hilo, kwani hushughulisha mgongo, mabega na vidole, jambo ambalo mkwezi wa minazi wa pwani amelifanya miaka yote bila kuliita mazoezi. Kwenye Fischer's Tower, mwamba wa takribani mita 25 katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mgeni wa ukweaji hujulikana upesi: hujivuta kwa mikono iliyokunjwa hadi vigasha vikakaza, ilhali mzoefu huinyoosha mikono na kujisukuma kwa miguu. Mkimbiaji ndiye wa kuonywa zaidi hapo, maana pumzi anayo tele, lakini kano za vidole, yaani kamba ngumu ziunganishazo msuli na mfupa, huchelewa kukomaa kuliko misuli, hivyo huumia kabla hajachoka.

Kosa kubwa ni kurundika mazoezi haya juu ya ratiba ileile ya mbio. Anayekimbia siku 5 kwa wiki azipunguze ziwe 3, moja aitenge kwa kunyanyua uzito na kuchuchumaa na mzigo begani, nyingine aende kukwea, na siku zilizosalia apumzike.