Si Anasa ya Matajiri

Nimeisoma kwa taadhima hoja ya mwandishi adaiye kuwa kumfunza mwalimu wa chekechea mbinu ya Montessori, ambayo kwayo mtoto huichagua kazi yake na kuifanya kwa mikono, ni anasa isiyoifaa Butula, katika kaunti ya Busia. Nami naona hoja hiyo imeipa tarehe kisogo. Maria Montessori, tabibu wa Kiitaliano, aliifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa Roma. Na huko Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, ingawa kwa mfumo mwingine, aliwafunza wanawake wa mitaa ya huko kuendesha masomo ya vitendo katika madrasa, kwa zana zilizoundwa kwa vitu vya papo hapo. Butula haikosi punje za mahindi wala udongo wa kufinyanga. Ikosacho ni mwalimu aliyezoezwa kunyamaza na kutazama, jambo gumu, wallahi, kuliko kuimbisha herufi, wala halipatikani kwa semina ya siku mbili. Na madhali Katiba ya Kenya ya 2010 imeikabidhi kaunti elimu ya awali, mwandishi angeiuliza kwanza bajeti ya Busia kabla ya kuihukumu mbinu.