Ukitaka ufundi wa ngozi, simu pekee haitoshi

Huenda una kijana nyumbani aliyemaliza kidato cha nne, naye amekujia na habari kwamba anataka kusomea ufundi wa ngozi na viatu kupitia simu. Mzazi, usimkaripie. Lakini usifungue kibeti haraka pia. Yapo maswali ya kumwuliza kwanza.

Masomo ya mtandaoni si jambo geni tena. Tangu Machi 2020, shule zilipofungwa kote nchini kwa ajili ya korona, familia za mjini zimezoea kumwona mtoto ameinamia simu akisema yuko darasani. Swali ni je, kazi ya mikono kama hii inaweza kufunzwa vivyo hivyo?

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe ikishachunwa huanza kuoza baada ya saa chache, hasa penye joto. Ndiyo sababu hutiwa chumvi au kuanikwa. Kiwandani hurowekwa, ikatiwa chokaa na salfaidi ili manyoya yatoke, kisha chokaa hiyo huondolewa. Baadaye hutiwa asidi na hatimaye dawa ya kuifanya isioze tena. Dawa hiyo aghalabu ni kromu, au maji ya magome ya miti kama vile miwati.

Kila hatua ina sababu yake, na sababu hizo zaweza kusomwa vizuri kwenye simu. Chukua mfano wa kuondoa chokaa. Fundi hukata kipande cha ngozi na kudondoshea fenolfthalini mahali palipokatwa. Pakigeuka pinki, chokaa ingali ndani. Mwanafunzi anayetazama video huiona rangi hiyo waziwazi, na asipoelewa huirudia mara kumi bila kumwudhi mtu. Mwenzake aliyesimama nyuma ya wanafunzi thelathini karakanani huenda asione ila migongo.

Lakini sasa njoo kwenye hatua inayofuata, ambapo ngozi hulainishwa kwa vimeng'enya. Fundi hujuaje kwamba imetosha? Huibonyeza kwa kidole gumba. Alama ya kidole ikibaki, ngozi iko tayari. Ikiruka kama mpira, bado. Ikikaa mno, hulegea na uso wake ukaharibika, na hapo hasara haina dawa. Je, kuna simu inayoweza kumfunza mtu mguso huo? La hasha!

Kuna jambo lingine zito zaidi ya hasara. Maji yenye salfaidi yakikutana na asidi, hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Harufu yake ni ya yai bovu, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hivi kwamba mtu hudhani imekwisha kumbe ndiyo kwanza imekolea. Isitoshe, ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hujikusanya mashimoni na mitaroni. Mfanyakazi akianguka humo, mwenzake humrukia kumwokoa, naye akaanguka papo hapo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) limetayarisha mafunzo ya katuni kuhusu gesi hii, na ni vyema kijana ayatazame kabla ya kukanyaga kiwandani. Hata hivyo, kuvaa kifaa cha kupumulia na kusoma kipimo cha gesi ni mambo ya kufanyia mazoezi, tena mbele ya mtu anayejua.

Ndiyo maana wataalamu wengi hupendelea masomo mseto, yaani nadharia mtandaoni na vitendo karakanani. Mpango huu humfaa hasa yule ambaye tayari yuko kazini. Fundi wa Kariokor anayeshona viatu vya kamba na mikoba hawezi kufunga kibanda miezi sita ili akakae chuoni. Watoto watakula nini? Lakini anaweza kusoma usiku, kisha akaenda kwa siku chache kujifunza vitendo.

Basi mzazi, na wewe kijana, ulizeni maswali haya kabla ya kulipa karo. Kwanza, ni siku ngapi mwanafunzi ataishika ngozi kwa mikono yake, na katika karakana gani? Asiyeweza kukutajia mahali hana karakana. Pili, je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2013 kusimamia vyuo vya kiufundi? Tatu, mtihani utatungwa na nani? NITA hutahini mafundi wa kazi za mikono, hata wale waliojifunzia kazini bila kupitia chuoni. Nne, je, video zaweza kuhifadhiwa na kutazamwa baadaye? Masomo yanayomaliza bando kila jioni yatakatika kabla ya muhula kwisha.

Fahamuni pia kwamba hatuhitaji kwenda ng'ambo kutafuta mahali pa kujifunzia. Thika kuna kituo cha mafunzo ya kutengeneza viatu, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri hufunza teknolojia ya ngozi. Tembeleeni mahali kama hapo kwanza, mkaone mapipa yakizunguka na kuinusa ile harufu. Kijana asiyeivumilia ni heri ajue mapema, kabla pesa hazijatoka.

Simu ni mwalimu mwenye subira, na haina haja ya nauli. Lakini cheti cha kijana aliyesoma kwa simu tu hakitamsaidia siku msimamizi atakapomnyoshea ngozi mbichi na kumwuliza, "Hii imeiva?" Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumapili njema.